Mhuri Juu ya Nukta

Sitaitaja ofisi yenyewe kwa jina, maana waliokuwa wakubwa pale bado tunakutana nao kanisani na sitaki maneno. Itoshe kusema ilikuwa ofisi ya serikali pale Litein, ya kuwahudumia wakulima wadogo wa majani chai, na kwamba kwa miaka kumi na mmoja mimi ndiye niliyekuwa sauti yake. Ukipiga simu kutoka Kimulot kuuliza mbolea itafika lini, ulinipata mimi. Ukipiga kutoka Kapkatet kulalamika kwamba lori halijachukua majani siku mbili, ulinigombeza mimi kwanza, halafu nikakuunganisha na mwenye kosa. Jina langu ni Sellah Cherotich. Sioni tangu nilipokuwa na miaka minne, mwaka ule surua ilipopita kwetu. Nalisema mapema ili tusipotezeane wakati.

Siku hizo ofisi nyingi za serikali ziliwaweka wasioona kwenye swichibodi. Wakubwa walidhani wanatufanyia hisani. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeijua kazi ile kutushinda. Nilikuwa namtambua mkulima kwa kikohozi chake kabla hajanisalimu chamgei. Na wenzangu walikuwa wametapakaa nchi nzima, wengi tukiwa tumesoma shule moja, tukiitana kutoka ofisi hadi ofisi kila laini ilipopata nafasi. Mkubwa akihamishwa mahali popote Kenya, sisi tulijua kabla mkewe hajaanza kufunga vyombo.

Kazi yangu nyingine, ambayo haikuandikwa popote, ilikuwa kusema matangazo. Kila Jumatatu saa mbili unusu Rebeccah, taipisti wetu, alikuja na kikombe chake cha chai akanisomea matangazo yote ya wiki: miche, mbolea, mikutano, barabara zitakazofungwa. Nami nikiwa na kibao changu na kalamu yangu ya chuma nilitoboa kila neno kwa breli, nukta kwa nukta, kutoka kulia kwenda kushoto kama tunavyoandika sisi. Wiki nzima mtu akipiga simu nilipitisha kidole nikamwambia. Ubao wa matangazo ulikuwa nje ukutani, lakini mkulima wa Kimulot hawezi kutembea nusu siku kuja kutazama ukuta, na wengine hata wakifika hawakujua kusoma.

Nakumbuka mmoja wao, Mzee Mathew. Alikosa miche kwa sababu tangazo lilibandikwa juma ambalo simu zilikuwa zimeharibika. Alikuja hadi dirishani kulalamika, na mkubwa wetu, Bwana Gibson, akatoka kumjibu mwenyewe.

"Mzee, karatasi ilikuwa kwa ubao. Iko na sahihi yangu, iko na mhuri. Ikishapigwa mhuri, imefika. Kusoma ni shauri ya mwenyewe."

Maneno hayo niliyasikia mara nyingi sana katika miaka ile. Bwana Gibson hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Aliwahi kunipeleka hospitalini kwa gari lake nilipoungua mkono. Ila aliupenda mhuri kupita kiasi. Aliuweka ndani ya droo yenye kufuli, na karatasi bila mhuri kwake ilikuwa ya kufungia sukari.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tisa ikaja kompyuta, na pamoja nayo Clifford, kijana mwenye digrii aliyekuwa akitembea haraka hata kama hana pa kwenda. Tukaambiwa ofisi yetu itakuwa kwenye intaneti, ya kwanza upande wetu wote, na kwamba matangazo yatasomwa hata na mtu aliyeko Uingereza. Tulijiuliza wakati wa chai mtu wa Uingereza atafanya nini na miche yetu, lakini tulifurahi. Hata mimi nilijivuna kidogo.

Clifford alianza vizuri. Alichapa matangazo ndani ya kompyuta neno kwa neno. Bwana Gibson akaja kutazama, kisha nikamsikia kutoka kwenye kibanda changu.

"Na mhuri uko wapi?"

"Mhuri hauwezi kuingia kwa hii, Sir. Hii ni maneno tu."

"Sahihi yangu je? Mkulima atajuaje hii imetoka kwa mimi? Mtu yeyote anaweza kuandika maneno."

Basi ikaletwa mashine ya kunakili. Kuanzia siku hiyo Rebeccah alichapa tangazo, Bwana Gibson akatia sahihi, akafungua droo, akagonga mhuri, na Clifford akailaza karatasi kwenye mashine ikapigwa picha. Picha hiyo, yenye mhuri na sahihi, ndiyo iliyopelekwa kwenye tovuti. Sote tuliona ni jambo la maana. Nani angetuambia vinginevyo?

Kulikuwa na jambo moja zaidi kuhusu intaneti ile: ilipita kwa simu, na simu zote zilipita kwangu. Kila Clifford alipotaka kupeleka picha zake alikuja kwenye kibanda akasema, "Madam Sellah, nipe laini," nami nikamfungulia ya Nairobi, na kwa dakika arobaini hakuna mwingine aliyeweza kupiga simu ya mbali. Nilimpa bila kinyongo.

Mwishoni mwa Mei, Jumatatu moja, Rebeccah alikuja na chai yake akakaa. Kibao changu kilikuwa tayari. Akapuliza chai, akasema, "Wiki hii hakuna kitu, Sellah." Jumatatu iliyofuata, hakuna kitu. Ya tatu, hakuna kitu, kila kitu sasa kiko kwa kompyuta, Sellah, hata wewe upumzike kidogo. Nilishangaa lakini sikumshuku. Rebeccah na mimi tulikuwa tumekula sahani moja miaka minane.

Jumanne, tarehe kumi na tano Juni, saa nne kasoro, laini ya Nairobi ikalia. Alikuwa Kepher Ogola, mtu wa Siaya ambaye tulisoma naye darasa moja, na aliyezoea kuniita kwa Kijaluo binti wa Kericho, au dada. Wakati huo alikuwa akifanya kazi na shirika linalowafundisha wasioona kutumia kompyuta zinazoongea. Nilikuwa nimemsikia akizisifu mara nyingi, nikadhani anatia chumvi kama kawaida yake.

"Nyar Kericho, umekaa?"

"Kazi yangu ni ya kukaa, Kepher. Sema."

"Nimefungua websaiti yenu asubuhi hii. Nilitaka kuwaringia watu hapa, niwaambie hii ndio ofisi ya Sellah. Unajua mashine imenisomea nini? Picha. Picha. Picha. Nikajiuliza, hawa watu wa Litein wameanza kuuza kalenda?"

"Ni matangazo hayo."

"Ni matangazo, lakini wameyapiga picha. Mashine inasoma maneno, nyamera. Haiwezi kusoma picha. Nikamwita Beverly wa hapa ofisini, yeye ako na macho, anisomee. Ya kwanza ni miche. Ya pili ni barabara ya kwenda kiwandani. Ya tatu..."

Nikasikia mwanamke akimnong'oneza kitu upande wake.

"Soma, Kepher."

Beverly ndiye aliyesoma, polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Ofisi inatangaza kwamba nafasi ifuatayo itaondolewa kuanzia tarehe thelathini Juni, kwa kuwa huduma yake sasa inapatikana kwenye tovuti. Mpokea simu, nafasi moja. Mwenye kupinga aandike rufaa, ifike ofisini kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa, tarehe kumi na nane Juni. Asiyeandika atahesabiwa kuwa amekubali. Tarehe ya tangazo, ishirini na nane Mei.

Katika ofisi nzima kulikuwa na mpokea simu mmoja.

Nilimshukuru Beverly, nikamwambia Kepher nitampigia, nikabaki nimeshika vifaa vya sikio. Nakiri niliogopa. Kabla ya kiti kile nilikuwa msichana wa jikoni pale kwetu, karibu na Kapkatet, niliyewekwa kando ya moto wageni wakija, na shangazi zangu wakisema mbele yangu kwamba huyu atalelewa na kaka zake. Kiti kile ndicho kilichowanyamazisha. Nilikipenda. Nilipenda hata harufu ya waya zikipata joto. Na sasa kilikuwa kinaondoka baada ya wiki mbili, na mimi nilikuwa na siku tatu na nusu za kusema hapana.

Halafu nikakumbuka tarehe ile. Ishirini na nane Mei, Ijumaa, baada ya chai. Clifford alisimama mlangoni akasema nipe laini. Nilimpa mwenyewe, hata nikamwambia leo laini ni safi.

Hapo woga ukaisha, zikaja hasira, na hasira mimi nazijua kuzitumia.

Nilimwita Rebeccah. Alipoingia nilimwambia afunge mlango.

"Nafasi moja," nikasema.

Hakuuliza nafasi gani. Alianza kulia papo hapo.

"Mimi ndio niliichapa, Sellah. Nilikuja Jumatatu nikiwa nayo mkononi. Ukawa umekaa hapo na kibao yako tayari, nikakosa sauti. Haki ya Mungu, nilikosa sauti."

"Ukaona afadhali nifukuzwe bila kujua?"

"Nilisema labda kwa ubao kuna mtu atakwambia."

"Kuna mtu aliniambia?"

"Hakuna."

Iliniuma, na sitasema haikuniuma. Watu ishirini wa ofisi ile walisoma ukuta ule, wakapita kwangu wakanisalimia, wakaomba laini. Kila mmoja alimwachia mwingine. Rebeccah akapangusa uso akasema atanichapia rufaa sasa hivi, safi kabisa, kwa Kiingereza cha ofisi, na ataiweka mwenyewe mbele ya Bwana Gibson.

Nilikuwa karibu kukubali. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kisha nikasikia, kupitia ukuta, sauti ya mhuri ukigonga karatasi mezani kwa Bwana Gibson. Wazo likaja lenyewe, nikacheka hata Rebeccah akashtuka.

"Sitaki uchape," nikamwambia. "Nitaandika mwenyewe. Wewe Ijumaa utanifanyia kitu kimoja tu."

Niliandika Alhamisi saa ya chakula. Mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati, laini zote zikafa, na mkubwa na mdogo wakawa wamejazana verandani wakiomba majani ya kwao yasalimike. Mimi nilitoboa. Karatasi mbili ngumu, breli tupu, bila herufi hata moja ya wino. Sikuandika kwa haraka. Kila nukta niliibonyeza hadi ikasimama.

Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini, nilizipeleka kaunta. Rebeccah ndiye aliyekuwa akipokea barua za siku, na mhuri mdogo wa kupokelea ulikuwa kwake.

"Sellah, hii hakuna mtu atasoma hapa."

"Najua."

"Sasa?"

"Piga mhuri. Andika saa. Ugonge pole, usilaze nukta zangu."

Akagonga kila karatasi. Akaandika saa. Akaenda kuziweka kwenye trei ya Bwana Gibson, na nilimsikia akirudi kwa hatua nyepesi kuliko alizoendea.

Kamati ilikaa Alhamisi iliyofuata. Kutoka makao makuu alikuja Bi. Bitutu, mama wa Kisii ambaye sauti yake niliijua miaka mingi kwenye simu. Hakuwahi kusema halo. Alisema "Nipe Gibson," na ukichelewa unaambiwa umechelewa. Mimi niliitwa saa tano kamili, si kujadiliwa, bali kupokea barua yangu ya kuondoka. Nilimweka Rebeccah kwenye swichibodi, nikamwonyesha laini ya kushika na lini aishike, nikaingia na fimbo yangu.

Walikuwa watatu: Bi. Bitutu, Bwana Gibson, na Clifford aliyekuwa akiandika kumbukumbu. Niliombwa kuketi. Bwana Gibson akaanza kwa sauti ya mazishi, akasifu utumishi wangu, akasema nyakati zinabadilika. Kisha akasema, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba tangazo lilitolewa ipasavyo na hakuna rufaa iliyopokelewa.

"Ilipokelewa," nikasema.

"Madam, hakuna."

"Tafadhali angalia trei yako. Karatasi mbili, zina mhuri wa tarehe kumi na nane, saa kumi na dakika arobaini."

Makaratasi yakapekuliwa. Nikasikia kikombe kikiinuliwa.

"Hii?" Bwana Gibson akasema. "Hii ni karatasi tupu. Imejaa vishimo. Mimi nilikuwa naweka chai juu yake."

"Ina mhuri?"

"Iko na mhuri."

"Wa nani?"

"Wa ofisi, lakini..."

"Basi imefika," nikasema. "Ikishapigwa mhuri, imefika. Kusoma ni shauri ya mwenyewe."

Clifford aliacha kuandika.

"Lakini siwezi kusoma hii!" Bwana Gibson akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Unanipatia kitu siwezi kusoma, halafu unasema umenijulisha?"

"Mimi nilidhani ndivyo tunavyofanya hapa, Sir. Na mimi nilijulishwa hivyohivyo."

Niliweza kusikia wachumaji wakiongea shambani ng'ambo ya barabara.

"Ngoja," Bi. Bitutu akasema. "Tangazo liliwekwa wapi?"

"Kwa ubao, Madam," Clifford akajibu. "Na kwa websaiti."

"Na huyu dada asome vipi? Alikuwa na mtu wa kumsomea?"

"Nilikuwa naye kila Jumatatu," nikasema. "Tangu mwisho wa Mei naambiwa kila kitu kiko kwa kompyuta."

Clifford, kijana wa watu, akajaribu kusaidia ofisi yake. "Siku hizi kuna kompyuta zinaongea, Madam. Mtu asiyeona anaweza kusomewa websaiti yote."

"Asante, Clifford," nikasema, na nilimaanisha. "Hebu tuisikie. Bwana Gibson, simu yako ina kile kidude cha kipaza sauti. Kibonyeze, tafadhali. Kuna mtu anangoja Nairobi."

Kidude kile alikuwa akikiringia tangu kiletwe, hakuweza kukataa mbele ya mgeni. Kikalia. Rebeccah alikuwa ameshika laini sawasawa. Sauti ya Kepher ikajaa chumba, akawasalimu kwa heshima zote, akaeleza yeye ni nani, akasema mbele yake kuna kompyuta inayoongea na ndani yake tovuti ya ofisi yetu, na sasa atainyamazia iseme yenyewe.

Mashine ikasema kwa Kiingereza cha puani: picha. Ikapumzika. Picha. Picha. Picha. Ilisema bila haya, bila hasira, neno lilelile, na Bi. Bitutu akawa anahesabu kwa sauti ya chini. Ilipofika kumi na nne ikanyamaza.

"Hiyo ndiyo yote?" akauliza.

"Ndiyo yote, Madam," Kepher akasema. "Kwa mtu kama mimi, ofisi hii imetundika fremu kumi na nne zinazotazama ukuta."

"Ya kumwondoa huyu dada ni ya ngapi?"

"Ya tatu," nikasema.

"Rudia ya tatu, Bwana Ogola."

"Picha," mashine ikasema.

Bi. Bitutu akaaga simu kwa namna yake, yaani akaikata. Kisha akaniambia, "Soma barua yako, Madam Cherotich. Inaonekana ofisi hii ina mtu mmoja tu anayeweza."

Nikapewa karatasi zangu. Kikombe cha Bwana Gibson kilikuwa kimelaza maneno mawili kabisa, lakini nilikuwa nayajua. Nikaweka vidole, nikasoma kwa ile sauti ninayotumia kwa wakulima, isiyo na haraka.

"Mimi, Sellah Cherotich, mpokea simu wa ofisi hii kwa miaka kumi na mmoja, napinga kuondolewa. Mnasema kazi yangu sasa inafanywa na tovuti. Nimeisikiliza tovuti hiyo kupitia sikio la rafiki yangu na haijasema neno. Asiyeona hawezi kuisoma. Mzee asiyejua kusoma hawezi kuiuliza. Mtu asiyeweza kutembea, ambaye ndiye angefaidika kuliko wote kwa kuletewa ofisi nyumbani, akiwa haoni vizuri ataletewa picha. Sipingi kompyuta. Nimeipa laini kila ilipoomba, hata siku ilipopeleka tangazo la kunifukuza. Ninachopinga ni kompyuta iliyozibwa mdomo kuwekwa mahali pa mtu anayesema. Izibueni kwanza, iseme kwa kila mtu, kisha mniulize kama bado mnanihitaji. Nina hakika mtanihitaji, maana lazima awepo mtu wa kuisikiliza na kuwaambia imekosea wapi."

Nilipomaliza nilikunja mikono.

"Gibson," Bi. Bitutu akasema. "Kama hii si barua, basi ile yako si tangazo. Kama ile ni tangazo, hii ni barua. Chagua."

Sikumwona Bwana Gibson, lakini nilimsikia akipumua, na nilimjua vya kutosha kujua kwamba alikuwa akimfikiria Mzee Mathew na wengine kama yeye, au labda nilitaka tu kuamini hivyo.

"Ni barua," akasema.

"Basi imefika kwa wakati, nimeisikia, na nimeikubali. Nafasi inabaki. Clifford, matangazo yote yaandikwe kwa maneno, kama watu wanavyoandika. Itachukua muda gani?"

"Siku mbili, Madam," Clifford akasema upesi. "Hata nilikuwa nimeanza hivyo. Nikakatazwa."

"Na mhuri, Madam?" Bwana Gibson akauliza, na kwa kweli alinitia huruma.

"Mhuri piga kwa faili. Na hakuna tangazo litakaloondoka hapa kwenda huko kabla huyu dada hajalisikia lote."

Nilitoka pale nikiwa na miguu ya msichana. Rebeccah aliinuka kwenye kiti changu, akanishika mkono, akataka kusema tena habari ya kukosa sauti. Nilimwambia alete chai, na Jumatatu aje na matangazo, hata kama ni ya msiba wangu mwenyewe. Akanishukuru, kongoi. Hatukurudi kuwa kama zamani mara moja, hilo lilichukua mwaka, lakini chai alileta.

Tarehe thelathini Juni, siku ambayo ningekuwa nakusanya vitu vyangu, Clifford alisimama mlangoni kwangu. Safari hii hakuwa na haraka.

"Madam Sellah, nipe laini."

"Unapeleka nini?"

Akanisomea yote kumi na tano, neno kwa neno, akiwa amesimama. Katika la nane alikuwa ameweka tarehe ya mkutano wa mwaka jana. Nikamwambia akarekebishe. Akaenda, akarudi, akasoma tena. Ndipo nikamfungulia Nairobi.

Baada ya dakika arobaini laini ikaachiliwa, na baada ya mbili ikalia.

"Usiseme kitu," Kepher akasema. "Naweka simu karibu na mashine."

Ikasikika sauti ileile ya puani, sasa ikijaribu Kiswahili, ikikivunjavunja kama padri mgeni katika wiki yake ya kwanza, lakini nilielewa kila neno. Tangazo kwa umma. Tangazo la tarehe ishirini na nane Mei, kuhusu kuondolewa kwa nafasi ya mpokea simu, limefutwa. Mpokea simu wa ofisi hii anaendelea na kazi. Pigeni simu kama kawaida.

Katika miaka yangu yote sikuwahi kusikia tangazo la serikali ambalo halikupita kwanza katika macho ya mtu aliyeamua kunisomea au kutonisomea. Nililia, na sikuona haya. Laini ya Kimulot ilikuwa inalia. Ya Kapkatet ikaanza. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja niliziacha zilie.

"Rudia, Kepher," nikasema. "Irudie tangu mwanzo."